Mzigo wa Msomi: Kutoka Puge Hadi Tabora

Nzega

Mwezi Julai nchi ya Nzega imekwisha kuvunwa. Majaruba ya mpunga yamebaki mabua, ng'ombe wameachiwa humo wajilishe, na udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa za kutosha kumeza kiatu. Penye kaya pana uzio wa minyaa, na penye mwamba pameanikwa viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vyeupe kwa mbali. Jua ni kali, lakini upepo wa msimu huu unalipunguza ukali. Barabara ya lami ya kwenda Tabora inapita katikati ya haya yote, na kandokando yake watu wanatembea: wanafunzi, wachungaji, akina mama wenye ndoo kichwani. Huku watu hawajaacha kutembea.

Nilikuja nikitokea masomoni. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili Edinburgh, Uskoti, katika chuo kikuu alichosoma Mwalimu Julius Nyerere kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Kule jina la Mwalimu linatajwa kwa heshima, na upo ufadhili wa uzamili kwa Watanzania uliopewa jina lake. Ila watu husimulia safari yake kana kwamba alitoka Butiama akaibukia Ulaya. Alitoka Tabora, alikosoma akiwa kijana na alikokuwa akifundisha. Nilitaka kuiona nchi iliyomuaga, na kuona inavyowaaga vijana wake wa leo.

Unyamwezi uliwaaga wasafiri kabla ya meli za moshi na kabla ya ndege. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba biashara kati ya maziwa makuu na bahari. Misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo, ikarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 au zaidi, begani au kichwani, kwa mwendo wa miezi miwili mpaka mitatu. Waliondoka baada ya mavuno, wakati mito imekauka na chakula kipo ghalani, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma wakafuata wenye mizigo, na mara nyingi wanawake na watoto walikuwa humo humo msafarani. Kijana aliyeiona bahari akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuwa wameifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wenyeji hao kwa miongo mingi.

Puge

Puge iko karibu nusu ya njia kati ya Nzega na Tabora, mahali inapochepuka barabara ya kuelekea Ziba, upande wa Igunga. Msafiri wa basi huiona kwa dakika chache: vibanda, bodaboda chini ya mti, karanga kwenye makopo, asali iliyotiwa kwenye chupa za maji, mafungu ya michembe. Ukishuka na kuingia ndani kidogo, unakuta kijiji kimetawanyika kwa desturi ya Kinyamwezi, kila kaya na mashamba yake, na vijia vyembamba vikiunganisha nyumba moja na nyingine.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mkulima. Binti yake amehitimu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na amepata nafasi na ufadhili wa kusoma uzamili wa teknolojia ya chakula Ghent, Ubelgiji. Ataondoka Septemba. Tulifahamiana alipoanza kutafuta vyuo, akiniuliza kwa simu mambo ya Ulaya, na hatimaye akasema: njoo nyumbani uwaeleze na wazee, mimi wananiona mtoto.

Nilipokelewa kwa mwangaluka na kwa goti. Mama alinyenyekea kidogo alipoitika salamu, kama wanavyofanya wanawake wa huku hata kwa mgeni mdogo kwao, nami nikampa shikamoo yake. Likaletwa sinia la matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza kisha vikakatwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Matobolwa yanataka subira: yanaanza magumu, yanalainika mdomoni, kisha utamu unakuja wenyewe. Jioni tukala ugali wa mtama kwa mlenda uliotiwa karanga zilizotwangwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Karanga zilikuwa katika kila chakula cha siku ile.

Zilikuwa pia barazani, magunia yaliyoegeshwa ukutani. Baada ya kula, mama na majirani zake walikaa kwenye mkeka kumenya. Nilitazama mikono yao. Mama alichota maji kwenye bakuli kwa vidole, akayanyunyizia rundo la karanga zenye maganda, akalichanganya, akangoja kidogo, kisha akaanza. Ganda lililolowa halipasuki kwa kelele, linakubali kidole gumba, na ukucha hauumii. Punje zilizokunjamana au zenye weusi zilitupwa upande, kwenye ungo mdogo. Zile ndizo zitakazosagwa kwa ajili ya mboga ya nyumbani, kwa kuwa mnunuzi hazitaki.

Binti alikuwa amekaa nami. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hapo, katika bakuli lile la maji na ungo ule, ndipo ulipo utafiti wake. Karanga iliyolowa, isipokauka upesi, inapata ukungu, na baadhi ya ukungu huo unatengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mtu akiila kidogo kidogo miaka mingi, hatari ya saratani ya ini inaongezeka. Kwa watoto inahusishwa na kudumaa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kinga zipo: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kukausha vizuri kabla ya kuweka ghalani, kuchambua punje mbovu na kuzitupa kabisa. Upo pia ukungu usiotoa sumu, unaomwagwa shambani ili ushindane na ule wenye sumu. Dawa ya aina hiyo ilisajiliwa nchini mwaka 2018. "Lakini ukimwambia mama asilowanishe," akasema, "umpe na kitu cha kumenyea. Vidole vyake vinauma. Hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta."

Usiku vijana wa jirani walikuja kuota moto, nao waliuliza juu ya Ulaya kwa uchu wa kweli. Niliwaeleza kwamba Desemba, Edinburgh, jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mtu anaweza kuingia maktaba gizani na kutoka gizani. Uzamili wa kule mara nyingi ni wa mwaka mmoja, unaoanza Septemba. Unasoma, unafanya mitihani, na kiangazi unaandika tasnifu, yote kwa kufuatana bila kupumua. Profesa unamwita kwa jina lake la kwanza, na mdomo wa mtu aliyelelewa kusema "mwalimu" unalikwepa jina hilo kwa miezi. Kitu kigumu zaidi si baridi wala lugha. Kule ukiandika insha ya kueleza tu aliyoyasema mwandishi mkubwa, hujafanya kazi. Unatakiwa uonyeshe amekosea wapi na wewe unasimama wapi. Kijana mmoja wa kidato cha nne akatikisa kichwa, akasema huo ni ujeuri. Mwenzake akamjibu kwamba hata kwenye kikao cha ukoo mtu anapinga hoja ya mkubwa, ila anaanza kwa kuomba radhi. Sijasikia maelezo bora zaidi ya namna ya kuandika insha ya uzamili.

Kikao

Asubuhi iliyofuata ukoo ukakaa chini ya mwembe. Walikuwapo baba mkubwa, mzee wa miaka zaidi ya themanini, mjomba, mashangazi wawili, na ndugu wengine waliokuja kwa baiskeli. Binti alikaa mkekani karibu na mama yake. Mimi nilipewa kigoda na kuombwa niseme. Nikasema niliyoyajua: chuo ni cha kweli, ufadhili unalipa ada, malazi na nauli, watu wa huko wana taratibu zao na Watanzania wapo.

Yakaanza maswali, na hayakuwa niliyoyatazamia. Hakuna aliyeuliza kama ataolewa huko, wala kama atarudi. Shangazi mkubwa aliuliza nani atalima kipande cha mama, kwa sababu binti amekuwa akituma pesa za vibarua tangu aanze kazi za muda Morogoro. Mjomba aliuliza ada ya mdogo wake wa kidato cha tatu itatoka wapi. Jirani mmoja aliyealikwa aliuliza kama kuna mtu wa kuzungumza naye akiugua. Kila swali lilipewa mtu wa kulibeba. Mjomba atasimamia kulima. Shangazi mdogo, mwenye duka Nzega, atachukua ada. Mimi nikakabidhiwa suala la kuumwa: nimuunganishe na Watanzania wa Ubelgiji kabla hajapanda ndege.

Kisha baba mkubwa akazungumza, polepole, akimtazama binti peke yake. Alisema babu yake alikuwa mpagazi, aliiona Bagamoyo. Alichosimuliwa ni kwamba kila mzigo ulikuwa na mwenyewe. Kabla hujaunyanyua ulijua ni wa nani na unafikishwa wapi, na ukiutua mahali pasipo pake, hata kama umetembea mwendo mrefu kuliko wote, umepoteza. "Sasa wewe, mwanangu," akasema, "huu unaokwenda kuuchukua huko ni wa nani?"

Binti akajibu ni wa mama yake. Mzee akauliza, wa mama peke yake? Binti akafikiri, kisha akasema ni wa kila anayemenya karanga kwa mkono. Mzee akatikisa kichwa kukubali, lakini akaongeza onyo. Akiwa mtoto alisikia habari za Urambo, ambako Waingereza walileta matrekta wakafyeka miombo ili wapande karanga. Ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulikuwa na maeneo matatu, Kongwa, Nachingwea na Urambo, na mwaka 1951 ukaachwa ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Watu waliouongoza walikuwa na elimu. Mvua na udongo wa huku hawakuujua, na wakulima wa karanga walikuwa jirani kabisa, wakilima. "Walisoma," mzee akamaliza, "ila hawakumuuliza mama yako."

Mbuzi akachinjwa. Ng'ombe hakuuzwa, na jambo hilo lilisemwa kwa sauti ili wote wasikie, maana ng'ombe wawili walikwisha kwenda kwa ajili ya shahada ya kwanza.

Ndala

Jirani na Puge ipo Ndala, na niliipitia kabla ya kushika tena barabara kuu. Hapa Mapadre Weupe, ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika, waliweka misheni mwaka 1896. Pana kanisa, hospitali inayotegemewa na watu wa mbali, na chuo cha ualimu. Njia kati ya majengo zina vivuli vya miti ya zamani, na saa za mchana wanachuo wa ualimu wanajisomea humo, daftari magotini.

Nilikaa kwenye kivuli kimojawapo nikamkumbuka mwanafunzi wa mbali kuliko wote walioitumikia nchi hii ya magharibi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Alikamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana Waafrika udaktari ili wakafanye kazi Afrika, akawapeleka Malta. Atiman alisomea utabibu huko, na mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya sitini na tano. Alioa huko, na mwanawe akawa padre.

Kwao, ukingoni mwa Niger, Atiman hakurudi kuishi tena. Ukimpima kwa swali tunalopenda kuwauliza wanafunzi wetu wa ng'ambo, "utarudi lini?", angeonekana amepotea. Ukimpima kwa swali la mzee wa Puge, anasimama imara. Elimu ya Malta ilikuwa mzigo wa wagonjwa, naye akaufikisha kwa wagonjwa.

Tabora

Kusini ya Puge miombo inazidi. Mbuga zinapungua, udongo unakuwa mwekundu na wa mchanga, na mizinga ya magome inaonekana juu ya miti. Julai ni wakati wa kurina, na asali inauzwa barabarani ikiwa bado na vipande vya masega. Kisha miembe inaanza. Tabora ni mji wa miembe: minene, mizee, iliyopandwa kwa safu, na vivuli vyake ndiyo mabaraza ya mji. Boma la Wajerumani linasimama mlimani. Hapa mtemi Isike wa Unyanyembe alikataa kutawaliwa, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Hapa pia, Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, liliingia na kuuteka mji. Brussels mpaka leo pana mtaa unaoitwa Tabora. Nilimpigia simu binti wa Puge kumwambia hivyo, akafurahi: nchi anayoiendea ina jina la nyumbani ukutani.

Nilikwenda kwanza Shule ya Wavulana Tabora. Ilianzishwa katika miaka ya 1920, na Waingereza waliikusudia iwe ya watoto wa machifu na watumishi wa baadaye wa serikali. Nyerere aliingia mwaka 1937, akiwa kijana kutoka Uzanaki aliyekuja kwa meli kupitia Mwanza na kisha kwa treni. Kutoka hapa akaenda Makerere, na alipomaliza huko mwaka 1945 akarudi Tabora kufundisha. Serikali ilikuwa na nafasi kwake. Yeye akachagua St Mary's, shule ya Wakatoliki, ambayo siku hizi ni Shule ya Sekondari Milambo. Mkuu wake, Padre Richard Walsh, ndiye aliyemhimiza aende Uingereza kusoma zaidi.

Akaondoka mwaka 1949. Edinburgh alisoma uchumi, historia, falsafa, sheria ya katiba na mengineyo, akatunukiwa M.A., ambayo kule Uskoti ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa. Mwaka 1952 akarudi, akafundisha Pugu, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Haya yanajulikana na wote. Kilichonigusa nikiwa nimesimama kwenye viwanja vya Milambo, wavulana wakicheza mpira mbele yangu, ni kwamba Mwalimu alikuwa na swali kabla ya kuwa na nafasi ya chuo. Tabora alikuwa mwanachama mwenye bidii wa Tanganyika African Association; alikwisha kuhudhuria mikutano, kubishana juu ya bei za mazao na haki za watu. Alipokaa darasani Edinburgh kusikiliza wanafalsafa wa Ulaya, alikuwa anatafuta jibu la swali la Tabora. Wengi wetu leo tunafanya kinyume. Tunapata kwanza chuo, kisha ufadhili, kisha mwishoni, tasnifu ikikaribia, ndipo tunasaka swali. Swali la haraka huwa la kuazima.

Jioni, kwenye mgahawa wa karibu na soko, nikila kuku wa kienyeji kwa wali wa Nzega, kijana wa kidato cha sita aliyekaa meza moja nami aliniuliza nilisoma nini. Nikamwambia: Watanganyika waliosoma Uingereza kabla ya Uhuru. Akauliza ataisoma wapi tasnifu hiyo. Nikamwambia iko maktaba ya chuo, kwa Kiingereza. Akaendelea: na habari za Wanyamwezi, walioandika ni nani? Nikamtajia R. G. Abrahams, Mwingereza aliyekuja huku miaka ya 1950 kufanya utafiti wa udaktari, na kitabu chake juu ya utawala wa Unyamwezi kilichotoka Cambridge mwaka 1967. Nikamtajia na Wajerumani. Kijana akahesabu kwa vidole: Kiingereza, Kijerumani. Akaniuliza, bila uchungu wowote, kwa adabu kabisa: "Na cha kwetu kaka?" Tukaongea mpaka mgahawa unafungwa, na kabla ya kuagana nilimwandikia anwani yangu na yeye akaniandikia yake.

Kwihara

Kesho yake nilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Njia inapita mashamba ya mihogo, na ghafla unaliona tembe: kuta nene nyekundu, paa bapa, ua wa ndani, mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Jengo la sasa limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Mwaka 1872 David Livingstone na Henry Stanley walikaa hapa pamoja. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki akingoja watu na mizigo mpaka Agosti. Wageni wengi huja kuwatafuta hao wawili.

Mimi nilikuja kwa ajili ya Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, mtoto aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, India. Alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa na Stanley kutoka pwani, wakafika Kwihara Agosti 1872. Mwaka uliofuata Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyesoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti. Pamoja na Chuma, Susi na watumishi wengine wa Livingstone, walioukausha mwili wake kwa chumvi na jua, alitembea nao miezi mingi, wakapita hapa hapa, mpaka Bagamoyo. Na katika msafara wote, yeye aliandika. Shajara yake ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo, ulioandikwa na Mwafrika aliyesoma ng'ambo, miaka karibu themanini kabla ya Mwalimu kupata shahada yake. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza kuliingiza Westminster Abbey, London. Alifariki mwaka 1892 Urambo, mji wa mtemi Mirambo, mwendo wa siku chache kutoka kwenye ua huu.

Nilisimama uani muda mrefu. Ua ule uliwahi kujaa wapagazi waliotua mizigo, wakiwasha moto, wakigawana posho. Miongoni mwao alikaa kijana mwenye kalamu aliyejifunza kuandika ng'ambo ya bahari, na aliyebeba mwili na maneno kwa pamoja. Wainwright, Atiman, Nyerere: India, Malta, Uskoti. Wote walipita katika nchi hii ya miombo. Wawili wa kwanza walinyang'anywa kwao na hawakuwa na kwao pa kurudi. Wa tatu alirudi. Watatu wote tunawakumbuka kwa sababu elimu yao ilifika kwa mwenyewe.

Stesheni

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikaanza kwisha. Jengo la stesheni ni la Kijerumani, na baada ya tawi la Mwanza kukamilika mwaka 1928 Tabora ikawa njia panda ya magharibi yote. Wasafiri wanakaa juu ya mizigo yao: magunia ya mchele, madumu ya asali, kuku kwenye matenga. Mama wa Puge alinifungia michembe kwenye mfuko na karanga kwenye mwingine. Karanga zile alizimenya kavu, binti aliniambia, na vidole vilimuuma.

Nimeanza kuitafsiri tasnifu yangu kwa Kiswahili. Nakala ya kwanza itakwenda kwa kijana wa mgahawani, ya pili Puge, na nitaomba zipokelewe pia katika shule za Tabora. Nawaomba wenzangu mlioandika juu ya Unyamwezi, Ukerewe, Pemba au Mtwara, mkaacha kazi zenu kwenye maktaba za Leiden, Tokyo na Boston, mfanye vivyo hivyo. Hata muhtasari wa kurasa ishirini unatosha kuanzia. Na vyuo vyetu vinavyowapeleka walimu wao nje kusomea udaktari viombe muhtasari huo kwa Kiswahili kama vinavyoomba cheti.

Kwako unayejaza fomu sasa: ile barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma itakuuliza malengo yako, uzoefu wako, na kwa nini chuo kile. Kabla hujaiandika, nenda nyumbani. Omba wakae kikao, hata kama nyumbani ni chumba kimoja Tandika na kikao ni watu wanne. Waulize nani atalima, nani atalipa ada ya mdogo wako, nani utampigia ukiugua. Kisha waache wakuulize mzigo ni wa nani, na usiondoke mpaka jibu lako limewatosha. Jibu hilo ndilo litakalokuchagulia swali la utafiti, na ndilo litakalokuamsha asubuhi za Januari wakati kumekucha na bado giza. Binti wa Puge amekwisha kulipata lake. Ataanza masomo Ghent Septemba, na maabara ya huko itapokea punje za karanga kutoka Nzega, zimeandikwa jina la kijiji na jina la mkulima aliyezilima.